Wodi ya Daktari Mmoja

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya ya Cheongam, waheshimiwa madiwani, Mganga Mkuu wa hospitali yetu pamoja na wauguzi wote, Daktari Pyo Seorin, ambaye wodi hii ya uzazi tunayoifungua leo imewekwa juu ya mabega yako peke yako, ndugu mlioshuka kutoka mashamba ya kabeji huko juu, na wewe mama mkwe wangu, uliyekaa mstari wa mbele ukinitazama kama chungu kinachokaribia kufurika: nawaamkia nyote kwa heshima.

Naitwa Tak Miyeon, mke wa Kuk Jungbeom, fundi wa matrekta pale njia panda. Jana ofisi ya Mheshimiwa ilinipigia simu, ikaniomba niseme maneno machache ya furaha. Furaha ninayo. Lakini mnaniona nilivyo. Mimba ya miezi minane haifichiki chini ya koti. Leo nimekuja kuwasemea wanaoogopa, maana nadhani ndio wengi humu ukumbini, ila hakuna anayewapa kipaza sauti.

Binti yangu Haedam alizaliwa majira ya baridi ya mwaka ule serikali ilipotaka kuongeza wanafunzi katika vyuo vya udaktari, na madaktari waliokuwa mafunzoni wakavua makoti meupe wakatoka hospitalini kwa kuupinga mpango huo. Sikuja hapa kuamua nani alikuwa na haki. Wapiganapo tembo nyasi huumia, na asubuhi ile nyasi ilikuwa mimi.

Uchungu ulinijia kabla ya wakati wake, theluji ikianguka. Hapa kwetu hapakuwa tena na mahali pa kuzalia. Kliniki ya mwisho, ile ya Daktari Myeong Giltae, ilikuwa imekwisha kufungwa na kugeuzwa duka la mbolea. Helikopta haikuweza kuruka. Kaka Seok wa kikosi cha zimamoto akanipakia kwenye gari la wagonjwa, mwenzake akashika usukani, nasi tukaanza kuupanda mlima huku Kaka Seok akipiga simu, hospitali baada ya hospitali.

"Hawa wanasema kitanda hakuna," akasema.

"Waambie hatuombi kitanda, tunaomba daktari!" mama mkwe akafoka.

"Mama, hawa wengine kitanda wanacho. Daktari ndiye hayupo."

"Basi si uwaunganishe hao wawili!"

Mnacheka. Hata mimi leo nacheka. Siku ile nilikuwa nimeushika mkono wa mume wangu, nao ulikuwa baridi kuliko wangu, nikajua kwamba hakuna mtu mzima ndani ya gari lile mwenye jibu. Mnaijua hofu ya namna hiyo? Si hofu ya maumivu. Ni hofu ya kusikia simu inaita, inaita, na upande wa pili kuna taa zinawaka, kuna watu wenye elimu, na bado hakuna wa kukupokea.

Karibu na mdomo wa handaki la barabara linalopenya mlimani, Kaka Seok akanitazama chini, na sauti yake ikabadilika. "Dada Miyeon, usisukume. Nakuomba usisukume." Mtoto alikuwa ametanguliza makalio. Kaka Seok ni hodari, amewatoa watu kwenye moto na kwenye mito, lakini hilo hakuwahi kufundishwa.

Mama mkwe akasema, "Geuza gari. Twende kwa Myeong."

Tulimkuta Daktari Myeong langoni kwake anakwangua theluji. Aliposikia, akarudi nyuma hatua moja, koleo kifuani kama ngao.

"Mimi nimestaafu. Sina vifaa, sina damu, sina hata bima ya kunikinga na kesi. Mama au mtoto akinifia mikononi, nitamalizia uzee wangu mahakamani. Mnajua hilo?"

Jungbeom akapiga magoti kwenye theluji. Ndipo mama mkwe akatoa kichwa dirishani.

"We Giltae! Huyo anayekupigia magoti ulimtoa wewe tumboni mwangu. Leo unamwogopa mwanawe?"

Akatupa koleo, akapanda. Nisiwadanganye, mikono yake ilikuwa inatetemeka. Iliendelea kutetemeka mpaka ilipomgusa mtoto, kisha ikatulia. Haedam alitoka wa bluu, kimya, na ule ukimya bado nausikia, halafu akalia. Tukashangilia wote. Hatukujua kwamba zamu yangu ndiyo kwanza inaanza.

Damu haikukatika. Daktari Myeong akaukandamiza mfuko wangu wa uzazi, mkono mmoja ndani, mwingine nje juu ya tumbo, akamwambia dereva aendeshe. Hospitali moja katika jiji la pwani ilikuwa imekubali hatimaye. Mlima mzima, kona baada ya kona, hakuachia. "Niongeleshe, mwanangu," akaniambia. "Sema lolote. Nitukane ukitaka." Nikamtukana, jamani, matusi ambayo sikujua kama ninayajua, naye akawa anaitikia, "Enhe! Lingine!"

Nilipopata nguvu nilikwenda kumshukuru. Mama mkwe alikuwa amenipikia supu ya mwani, kama apikiwavyo mzazi, nikampelekea na yeye bakuli lake. Hakulipokea. "Usinishukuru," alisema. "Tangu siku ile nikisikia king'ora nakimbilia uani kujificha. Tulipona kwa bahati, Miyeon. Bahati haijengi wodi." Leo nilimwalika. Amekataa kuja. Amesema kukata utepe hakujawahi kuzalisha mtu.

Waheshimiwa, sote humu tuna kadi ya bima ya taifa, na tunaringa nayo tukiwa ugenini. Lakini kadi haimdaki mtoto anapotoka. Malipo ambayo bima inatoa kwa kuzalisha hayamshawishi mtu kukesha na kuhatarisha jina lake. Kulainisha nyuso za wenye nacho, jambo ambalo bima hailigusi, kunalipa vizuri na hakumwagi damu. Tumlaumu kijana anayekimbilia huko? Au tuwalaumu waliopanga thamani ya vitu hivi, wakaona ngozi ya uso ni ghali kuliko mama na mwanawe? Na tukiongeza wanafunzi vyuoni bila kulirekebisha hilo, tutakuwa tumeongeza nini, kama si foleni ya kuelekea kwenye nyuso zilezile?

Daktari Pyo angeweza kuwa kwenye foleni hiyo. Wilaya ilimsomesha kwa ahadi kwamba atarudi, na amerudi, wakati wenzake wanamcheka kwenye simu. Wiki iliyopita alinipima, akaweka kifaa juu ya tumbo langu, tukausikiliza moyo wa mtoto. Nikamuuliza, "Daktari, nikitokwa damu tena, itakuwaje?"

Akakiweka kifaa mezani. Kisha akasema, "Dada, nikwambie ukweli? Chumba cha upasuaji tunacho. Damu ya akiba ipo. Mtaalamu wa nusukaputi anakuja siku tatu kwa wiki."

"Na siku nyingine?"

"Siku nyingine naomba Mungu wewe usije. Nami naogopa, Dada Miyeon. Naogopa kuliko wewe, maana wewe una tumbo moja."

Nilitoka mle, nikayasimulia hayo yote nyumbani. Mume wangu akaniambia tukapange chumba Seoul mpaka nijifungue, hata kwa kukopa. "Mama Haedam, huyo msichana mwenyewe anatetemeka!" Nikamjibu, "Myeong naye alitetemeka." Tuligombana, na hatujapatana kabisa, ndiyo maana leo amekaa nyuma kule karibu na mlango.

Mheshimiwa, sikuombi makofi. Naomba daktari wa pili, ili huyu wa kwanza apate kulala. Naomba mtaalamu wa nusukaputi wa kila siku, maana uchungu hausomi ratiba. Naomba upeleke Seoul sauti zetu, ili bima ilipe uzazi wa hatari kwa uzito wake, na daktari aliyefanya kazi yake kwa uaminifu asingoje polisi kila mgonjwa anapofariki. Msipofanya hivyo, wodi hii nayo itageuka duka la mbolea, na haitachukua muda.

Mimi nimeamua. Sitakwenda Seoul. Si kwamba ni jasiri. Mama mkwe atawaambia jinsi ninavyoamka nalia. Lakini wodi isipopata wazazi itafungwa kwa kukosa wazazi, na lazima apatikane mtu wa kuanza. Daktari Pyo, siku ikifika nitakuja, na hofu yangu nitakuja nayo. Nakuomba jambo moja tu: nikija, nikukute.

Kwa masikio mliyonipa, na kwa subira yenu, asanteni sana.