Pistoni ya Nne

Kijiwe chetu ni benchi moja na nusu mbele ya gereji. Hiyo nusu aliivunja Redio, mwenzetu asiyeishiwa maneno, siku aliporuka kushangilia bao. Jana alasiri tuliketi na birika la kahawa, na kando yake pistoni mbili: ya zamani ya gari la mwenzetu Dereva, na mpya ya gari la aina nyingine, maana za kwake zimeadimika madukani. Spana, fundi wetu, alishafunga tatu mpya, akaja kupata kahawa kabla ya kufunga ya nne. Leo asubuhi Dereva alitakiwa kumtoa mama yake hospitali.

— Spana, una uhakika lakini? Dereva aliuliza kwa mara ya tano.

— Upana nimepima kwa chombo, haujazidi hata unywele. Pini ya kuishikilia nayo imeingia yenyewe.

— Umeshayafungia magari mangapi namna hii?

— Hili la kwanza. Kwani kuna mtu alizaliwa na uzoefu?

Redio akadakia, kama kawaida yake:

— Injini haijui kusoma maandishi ya kwenye boksi, bwana! Shemeji yangu alifunga za trekta kwenye gari dogo.

— Ikawaje? nikauliza.

— Likawa linavuta malori!

— Liko wapi sasa?

— Kaliuza. Lilikimbia mno, mkewe akaogopa.

— Na za pampu ya maji je? nikamchokoza.

— Hizo ndizo zenyewe! Unapita kwenye mafuriko, halizimi.

Dereva hakucheka.

— Jamani, mama kalala kule wiki tatu. Mimi nataka lifike tu, lirudi.

Hapo akatokea dada yake, fundi cherehani, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni. Alikuja kuuliza saa ya kuondoka. Akaziona pistoni.

— Hizi ndizo mnasema saizi moja?

— Moja kabisa, dada, akajibu Spana.

Akavua tepu, akapima kila moja kutoka tundu la pini hadi kichwani. Akarudia.

— Mpya ni ndefu. Hiki kilichozidi, ikipanda juu, kinakwenda wapi?

Redio akajimiminia kahawa. Mimi nikatazama kikombe changu, nimeona haya. Juu kule kuna valvu, na hata mimi najua pistoni ikizigonga injini imekwisha.

Spana akaweka kahawa chini, akachukua spana, akarudi kuzifungua zile tatu.

— Na mama? Dereva akauliza.

— Akae kitandani siku moja zaidi, akasema dada. Kuliko akae barabarani.