Dawa ya Wadudu wa Sukuma

Ndani ya tuktuk ya kwenda Bahati, Nakhumicha aliketi kati ya watu wawili wasiojuana. Mama wa kulia akamtambua kijana wa kushoto. "Wewe si yule mtaalamu wa shamba wa video za kwenye simu? Ile dawa yako ya wadudu, ya pilipili na sabuni, mzee wangu aliinywa akidhani ni ya kikohozi."

Kijana alishtuka. "Ako sawa, mathe?"

"Kikohozi kimeisha. Lakini wadudu bado wanamaliza sukuma wiki yangu shambani."

"Basi twende nimrekodi mzee!"

Nakhumicha, aliyekuwa muuguzi kwa miaka ishirini, alisubiri kuulizwa kama dawa hiyo inamdhuru mtu. Hakuulizwa. Tuktuk ilisimama, nao wakashuka wakibishana: mama alitaka sukuma itazamwe kwanza, kijana alimtaka mzee.