Ukumbi Walionyimwa

Kwenye treni ya asubuhi, mbele yangu walikaa watu wawili wasiojuana: mama fundi cherehani na mzee mwenye ukumbi wa harusi. Mama alikuwa anakwenda gerezani kumwona mumewe, aliyekamatwa akiongoza mkutano wa wapinzani sebuleni kwao, katikati ya vyerehani.

"Kwa nini nyumbani, mwanangu?" mzee akauliza. "Si wangekodi ukumbi?"

"Walinyimwa kila mahali, baba. Wenye kumbi waliogopa."

Mzee akageukia dirishani, ingawa nje hapakuwa na cha kutazama. "Hata kwangu walikuja," akasema. "Niliwaambia umeshakodiwa. Nina familia, mwanangu. Serikali ingeufunga."

"Ungefungwa ukumbi, baba. Sasa kafungwa mtu."

Mzee akajitetea kwamba hata yeye kachoka na utawala huu, na kura yake huwapa wapinzani. Hilo la kura alilisema kwa kunong'ona, na mimi nikajifanya sikusikia.

Treni iliposimama kituo cha gereza, mzee aliinuka haraka akashika kikapu cha chakula alichobeba mama ili amteremshie.

Mama akakichukua taratibu kutoka mkononi mwa mzee. "Acha tu, baba," akasema. "Usije ukaonekana."