Lamduan Phromkhot na Nyumba Kumi na Moja za Don Kluea

Wasikilizaji wapendwa, punguzeni moto jikoni, mwambieni jirani asogee. Lamduan Phromkhot amefariki dunia. Amefariki Jumanne asubuhi, hospitalini, hapa hapa Khon Kaen, akiwa na miaka sitini na mmoja. Figo ndizo zilizomwondoa. Narudia kwa mliofungua redio sasa hivi: Lamduan, mtengeneza filamu, binti wa mzee Kham wa gari la sinema, hatunaye. Jana Jumamosi tumemchoma.

Mimi ni Amnuai, mnanijua. Lamduan nilimjua miaka thelathini. Kwa hiyo leo sitamsifu tu. Angekuwa hai na mimi nikaanza kumpamba, angeniambia, "Kaka, hapo kata."

Tuanzie kwa baba yake. Mzee Kham alikuwa muuza dawa ya minyoo. Wenye umri wangu mnawakumbuka watu wale: gari bovu, turubai jeupe, mashine ya sinema, na filamu isiyo na sauti. Sauti aliitia mwenyewe kwenye kipaza sauti. Ya shujaa, ya jambazi, ya mbwa. Sauti za wanawake zilimshinda. Basi siku moja akamsimamisha bintiye juu ya kreti la soda, ana miaka tisa, akamwambia, lia. Lamduan akalia. Uwanja mzima ukalia naye. Na palepale kwenye kilio mzee akazima mashine, akaanza kuuza dawa.

Mdogo wake wa kiume, Thongbai, aliniambia wiki hii: "Dada alijua kuwalilia watu kabla hajajua kusoma. Yeye ndiye aliyesikika. Mimi hakuna aliyeniuliza kitu."

Likumbukeni jina hilo, Thongbai. Ni mdogo wake wa pekee.

Lamduan alipokua akatengeneza filamu za maisha halisi. Si za mapenzi, si za mizimu. Alipiga filamu wanawake wanaochemsha vifuko vya viwavi wa hariri, vidole vimebabuka. Alipiga filamu vijiji vinavyorusha fataki angani kuomba mvua, na mvua isije. Alipiga filamu wasichana wa viwandani wanaorudi nyumbani mwaka mpya na mabegi ya zawadi, wakatabasamu siku tatu, kisha wakalia ndani ya basi. Filamu zake zilionyeshwa kwenye televisheni, lakini yeye alipenda kuzionyesha hekaluni, kwenye kijiji kilekile alikozipigia.

Na alikuwa na desturi moja. Kila aliyekaa mbele ya kamera yake alianza kwa kutaja jina na namba ya nyumba. Jina na namba ya nyumba. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Kaka, tajiri akiongea ana jina. Maskini akiongea anaitwa mwanakijiji. Mimi sitaki wanakijiji kwenye filamu zangu. Nataka watu."

Maneno mazuri. Niliyatangaza hapa redioni mara nyingi.

Miaka kumi na tisa iliyopita akaenda Don Kluea. Kijiji cha chumvi. Kiangazi ardhi ya kule inatoa unga mweupe, na wanawake wanaukwangua, wanauchuja, wanauchemsha kwenye masinia ya bati. Alikuwepo Bibi Sudta, nyumba namba kumi na nne, miaka sabini na mbili. Bibi Sudta alikuwa akidondosha kipande cha lakiri, ile gundi ngumu ya wadudu, kwenye maji ya chumvi. Kikielea, maji yako tayari. Kikizama, bado. Hakuwahi kukosea.

Lakini mkuu wa kata alikuwa ameleta mashine za kunyonya maji ya chumvi kutoka chini kabisa. Mashine kumi na mbili. Maji yanayobaki yaliachiwa yaende kwenye kijito. Mpunga ukakauka umesimama. Ardhi ikaanza kudidimia. Ghala la mtu mmoja liliingia shimoni asubuhi, watu wakinywa uji. Kila mtu aliona, na hakuna aliyesema.

Lamduan akawasemesha. Watu kumi na mmoja walikaa mbele ya kamera yake. Kumi na mmoja. Jina, namba ya nyumba, halafu wakasema yote. Bibi Sudta akasema, "Chumvi hii aliniachia mama yangu. Mkuu wa kata ameikuta hapa, na ataiacha hapa."

Filamu ikaonyeshwa kwenye ukumbi wa hekalu, mchana, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Mimi ndiye niliyetangaza. Niliwaambia njooni, msikose, leo sauti yenu itasikika. Walikuja hadi wakakaa kwenye ngazi.

Na mkuu wa kata akaja. Akavua viatu, akakaa mkekani mbele kabisa. Alicheka penye kuchekesha. Bibi Sudta alipomsema, alicheka kuliko wote na kupiga paja lake. Ilipokwisha akamwendea Lamduan, akaunganisha viganja, akainama.

"Dada, umetufundisha," akamwambia. "Nipe nakala moja nikae nayo. Ni kumbukumbu ya watu wangu."

Lamduan akampa kwa mikono miwili. Njiani kurudi mjini hakuacha kuongea. "Umemwona, kaka? Filamu imemlainisha. Mtu akitazama nyuso, analainika."

Nami nikaitikia. Nikasema, kweli amelainika.

Sasa sikilizeni kilichofuata. Haya nimeambiwa na Thongbai mwenyewe, na amesema niyatangaze, hana la kuficha. Thongbai alikuwa dereva wa mkuu wa kata. Jumatatu iliyofuata onyesho aliitwa ofisini, kwa sababu alijua kutumia deki. Mkuu wa kata alikaa na karani wake, daftari limefunguliwa. Filamu ikawashwa.

"Simamisha hapo," mkuu akasema. "Huyu. Rudisha nyuma kidogo. Namba ngapi?"

"Kumi na nne," karani akasema.

"Andika. Endelea, Thongbai. Simamisha."

Hivyo hivyo mpaka mtu wa kumi na moja. Ilichukua nusu saa. Walikunywa kahawa ya barafu. Nilimuuliza Thongbai, wakati ule ulikuwa unafikiri nini? Akanitazama kama nimeuliza jambo la kitoto. "Nilibonyeza tu, kaka Amnuai. Waliotaja namba za nyumba ni wao. Aliyewaambia wazitaje ni dada."

Kilichotokea mnakijua, au mlikisikia mkasema si chetu. Ukame ulipokuja na mchele wa msaada, nyumba kumi na moja hazikuwemo kwenye orodha. Mwalimu mmoja akahamishiwa mpakani. Baba mmoja alizungushiwa waya pande zote za shamba lake, akawa anaingia kwa kutambaa, mpaka alipochoka akaliacha. Majiko ya Bibi Sudta yakapondwa na tingatinga, na uwanja wake wa chumvi ukawekewa uzio. Mtu wa uzio alimwambia, "Bibi, si ulisema chumvi ni ya mama yako? Basi kamwamshe aje aidai."

Bibi Sudta akapita chini ya uzio alfajiri na kikwanguo chake. Akakamatwa kwa wizi wa chumvi. Nasema tena: wizi wa chumvi. Akalala mahabusu siku kumi na moja. Aliporudi alikuwa haongei. Si kwamba alikataa. Maneno yalikuwa yamekwisha. Akafa mvua zilipoanza.

Wiki hiyohiyo Lamduan alikuwa Bangkok, amevaa hariri, anapokea tuzo ya filamu ile.

Akaja msibani moja kwa moja na hariri yake. Mlangoni alikutana na binti wa marehemu, Bualai. Alidhani atafukuzwa. Bualai hakumfukuza. Alimwambia, "Karibu, dada. Kaa ule." Akamwekea sinia: wali wa kunata, supu ya mianzi, samaki wa kuchoma. Halafu akakaa mbele yake.

Lamduan akaonja, akasita. Haikuwemo hata chembe ya chumvi.

"Kula, dada," Bualai akasema. "Umetoka mbali."

"Bualai, mimi..."

"Kula yote. Sisi ndivyo tunavyokula sasa."

Akala yote. Msiba mzima ulikuwa unatazama, na hakuna aliyemsaidia. Nami nilikuwepo, nimekaa naye bega kwa bega, na sikumsaidia.

Tangu siku ile, wasikilizaji wapendwa, Lamduan hakupiga tena filamu uso wa mtu. Miaka kumi na saba. Alipiga filamu mikono tu, na migongo, na miguu inayotembea. Majina hakuyataja. Wasomi wa Bangkok wakafurahi. Wakaandika kwamba dada wa Khon Kaen amegundua njia mpya, kwamba mikono inasema kuliko nyuso. Wanafunzi wakaanza kumwiga. Alikuja studio hapa nikamuuliza kuhusu mtindo huo. Akajibu kwa adabu, kwamba kila msanii ana hatua zake. Tulipozima vipaza sauti akaniambia, "Si mtindo. Ni woga, kaka. Wananipigia makofi kwa woga wangu."

Miaka miwili iliyopita madaktari walimwambia figo zimechoka. Akachukua kamera, akaenda Don Kluea kumwomba Bualai msamaha. Bualai alikuwa anachambua vitunguu. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Msamaha utaupeleka wapi, dada?" akamuuliza. "Unakaribia kufa, unataka kufa mwepesi. Mimi bado naishi hapa. Yule bado yuko, amepanda cheo, picha yake iko kila nguzo ya umeme." Kisha akanyoosha mkono. "Lete hicho kidude. Kaa pale juani. Leo wewe ndiye utakayesema."

Akamkalisha juani, mgonjwa yule, saa mbili nzima. Akamtajisha jina lake. Akamtajisha kila mmoja wa wale kumi na mmoja na kilichompata. Lamduan alipoomba maji, Bualai alimwambia amalizie kwanza. Na Lamduan akamalizia. Akamtaja mkuu wa kata kwa jina. Akamtaja mdogo wake kwa jina. Niliitazama filamu hiyo mara moja, nyumbani kwake. Ndiyo filamu bora aliyowahi kuifanya, na hakuishika kamera yeye. Aliniambia, "Waionyeshe siku nikichomwa. Bualai anayo. Iko kwake tu, mimi sikubaki na nakala."

Jana Bualai akaja nayo. Ilikuwa kwenye kadi ya kamera, ndogo kama ukucha. Alikuja na basi, amevaa nyeusi, akapita mbele ya mashada ya maua. Shada kubwa kuliko yote lilitoka kwa yule aliyekuwa mkuu wa kata, na jina lake limeandikwa kwa karatasi ya dhahabu. Ndiye pia aliyedhamini sala za siku ya pili. Familia ilipokea.

Bualai akampa Thongbai kadi, kwa sababu ndiye mwenye msiba. Akamwambia marehemu alivyousia. Thongbai akasema, "Asante, dada. Nitalishughulikia."

Jeneza likafunguliwa ili uso uoshwe kwa maji ya dafu, kama desturi. Sarafu, nauli ya safari yake, ilikuwa tayari mdomoni mwa marehemu. Thongbai akainama kama anayemuaga, akaisukuma ile kadi kati ya midomo ya dada yake, kwa kidole gumba, mpaka ikaingia.

"Ni maneno yake," akasema. "Aende nayo."

Wala hakunong'ona. Watawa walisikia. Mimi nilisikia. Bualai alikuwa hatua tatu nyuma yangu. Jeneza likafungwa, moto ukawashwa, na watu mia mbili tukasimama tukatazama moshi.

Baadaye nilimfuata Bualai kituo cha basi. Nikamwomba aje studio leo aeleze mwenyewe yaliyokuwa kwenye filamu. Alikuwa anakula papai la kutwanga kwenye mfuko wa plastiki.

"Nikija nitasema," akaniambia. "Nikisema, utapiga wimbo mzuri. Halafu mimi nitarudi Don Kluea. Wewe utarudi wapi, kaka?"

Nikamwambia, nyumbani kwangu.

"Basi nenda," akasema. Basi lake likaja.

Natoa pole kwa familia ya Phromkhot. Kwa Thongbai pia, ni mfiwa, na pole haichagui. Natoa pole kwa nyumba kumi na moja za Don Kluea, ambazo hakuna aliyezipelekea shada. Marehemu apate njia njema huko aendako.

Na sasa la kutafakari. Mmegundua kwamba jina la yule mkuu wa kata sijalitaja. Mwenye redio aliniita asubuhi hii, akanimiminia chai, akaniomba nisilitaje. Nilikubali kabla chai haijapoa. Lamduan aliogopa miaka kumi na saba, kisha akakaa juani akalisema. Mimi nina miaka sitini na nne, sina figo mbovu, kipaza sauti kiko mbele yangu na taa nyekundu inawaka, na nimenyamaza. Nanyi mnaolijua, hapo mlipo, hakuna hata mmoja aliyelitamka.