Mzee Donati Yared na Ujumbe wa Saa Mbili na Dakika Kumi na Mbili

Baada ya miaka thelathini na moja na miezi minne ya utumishi, Mzee Donati Yared, Msimamizi wa Mtandao katika Shirika la Mawasiliano Bondeni, anastaafu rasmi Jumanne, tarehe 30 Juni 2026. Sherehe ya kumuaga ni Ijumaa ya tarehe 26, ukumbi wetu wa Kilosa, saa nane mchana. Pilau ipo. Wa kituo cha Mikumi watafuatwa na gari.

Mimi Selestina wa masjala ndiye huwa naandika hizi karatasi, na hii ni ya kumi na tano. Mapishi yake nayajua. Mstaafu huniletea vyeti vyake, picha ya ujana wake akiwa kavaa bugaluu, na orodha ya mema aliyoyatenda, mengine hata sisi tuliofanya naye kazi hatuyakumbuki. Mzee Donati aliniletea karatasi moja iliyoandikwa pande zote mbili kwa mkono. Nilipofika katikati nikakuta jambo ambalo sikudhani angetaka liandikwe siku ya kuagwa. Nikamtazama, naye akaniambia niandike yote, na nikiacha hata mstari mmoja hatakuja kwenye sherehe. Basi naandika.

Alianza kazi Machi 1995 kama fundi wa simu za upepo, zile zilizokuwa kwenye zahanati za milimani. Alikuwa akipanda mlima na betri ya gari kichwani na spana mfukoni, akifika anachomelea nyaya, anaonja uji wa mganga wa zahanati, anashuka. Walimwita Bwana Betri. Kompyuta zilipokuja hakwenda kuzisomea Dar es Salaam kama wenzake. Alizifungua usiku na mchana mpaka mkewe, mama Costancia, akaja ofisini kuuliza kama mumewe amehamia huku. Minara tuliyo nayo sasa, wa Kilosa mjini, wa Rudewa, wa Tindiga na wa Mikumi, yote kaisimamisha yeye. Shule, zahanati na vipimo vya mto vinaongea kupitia hapo bila waya.

Lakini jina alilipata mwaka 2015, tulipoachana na namba. Kabla ya hapo kila kifaa kilikuwa na namba yake, na mtandao ulikuwa unaambiwa namba kumi na nne ipite, kumi na tano isubiri. Kifaa kikibadilishwa, namba inabadilika, na vurugu inaanza upya. Mzee Donati akaleta utaratibu wa kuueleza mtandao maana ya vitu. Hii ni zahanati. Huyu ni mwalimu. Sasa ni saa za mitihani. Mnara wa Tindiga umekatika umeme. Kisha unaandika kanuni kwa maneno ya kawaida: wakati wa mitihani, shule zitangulie. Mtandao wenyewe unaangalia nani anaomba, yuko wapi na hali ikoje, halafu unajipanga. Wageni walitoka Morogoro kuja kuona.

Nyani wa Mikumi walituonyesha faida yake mapema. Walikuwa wanapanda mnara kuota jua na kuutikisa mpaka mawasiliano yanakatika. Mzee Donati akaufundisha mtandao kwamba mnara ukitikisika mchana na upepo hakuna, basi nyani yupo, ujumbe upitie Kilosa. Mpaka leo kwenye taarifa za kila wiki kuna mstari unaosema nyani wamekuja mara ngapi.

Na Yassin wa stoo hajasahau. Kanuni ilisema saa za kazi mpira usubiri, zahanati zipite. Yassin mjanja akaiita simu yake Zahanati ya Tindiga, akajifungia stoo kutazama mechi. Mtandao ukajiuliza zahanati gani hii imehamia Kilosa, haina mgonjwa wala daktari, na imekaa dakika themanini na tisa inatazama kitu kimoja. Ukamkatia penalti inapigwa. Tulicheka wiki nzima, na Yassin alicheka wa mwisho.

Sasa ndiyo nafika kwenye ile karatasi.

Katika kanuni za wiki ya kwanza kabisa, Mzee Donati aliandika moja aliyojivunia sana: mkubwa akizungumza, wadogo wasubiri. Alilelewa milimani, nyumba ya mwinjilisti, ambako mtoto hakohoi baba akiwa anasema. Viongozi walipiga makofi. Sisi wengine nasi tuliona ni adabu njema, nani angepinga? Maana yake ilikuwa kwamba wakuu wakiwa kwenye mkutano wa video, vifaa vya watu wa chini vinashikiliwa kwenye foleni mpaka wamalize. Na katika kuandikisha vifaa, fomu iliuliza kifaa ni cha nani. Kwa kila kimoja yeye alijaza cheo cha anayekitunza. Kipimo cha mto cha upande wa Mvumi, kinachoona maji kabla hayajafika Tindiga, kilitunzwa na Lomayani Kitashu, mfugaji tuliyemwajiri kama kibarua. Kwa hiyo mbele ya mtandao kile hakikuwa kipimo cha mto. Kilikuwa kifaa cha kibarua, fungu moja na simu ya mlinzi wa geti.

Miaka sita iliyopita, Alhamisi moja ya Machi, mto ulijaa. Wakuu wetu walikuwa Mikumi kwenye mkutano wa video ulioanza saa mbili kamili asubuhi. Maji yalifika Tindiga saa nne na nusu, yakaingia majumbani. Hakufa mtu, Mungu ni mwema. Lakini mpunga wa watu uliondoka, mbuzi waliondoka, vitabu vya shule viligeuka ugali, na bibi mmoja alivunjika nyonga akipandishwa juu ya paa. Taarifa ya Lomayani, na picha ya kipimo, ilionekana kwenye kompyuta zetu saa tano na dakika arobaini, watu wakiwa tayari wamekaa juu ya miti.

Mnajua kilichofuata, wengi wenu mlikuwepo. Ikasemwa alilala. Ikasemwa vibaya zaidi, kwamba wafugaji na wakulima wana ugomvi wa mashamba na huyu kaacha makusudi maji yawale wakulima. Kikao kiliitwa. Lomayani alisimama akasema alituma mapema, saa mbili na dakika kumi hivi, akatuma tena, akatuma tena. Hakuna aliyekwenda kutazama kumbukumbu za mnarani, kwa sababu saa ya kufika ilikuwa mbele yetu na sote tulijua kusoma saa. Muhtasari wa kikao kile niliuandika mimi. Niliandika kwamba mtunza kipimo hakuwa na maelezo ya kuridhisha. Mkono huu huu. Akaachishwa kazi, na kwa maneno ya watu akashindwa kukaa Tindiga, akahamisha boma lake upande wa Rudewa.

Mwezi wa nne mwaka huu Mzee Donati alianza kumkabidhi kazi Vaileth, binti anayechukua nafasi yake. Vaileth hakubali kitu mpaka akione. Alitaka kila kanuni ijaribiwe kwa kurudishiwa siku ya zamani, mtandao uonyeshe ungefanya nini na kwa nini. Wakachagua siku ya mafuriko, maana ndiyo siku ngumu kuliko zote. Wakaleta na kisanduku cha kumbukumbu cha mnara wa Tindiga, ambacho hutunza saa ujumbe ulipopokelewa mnarani, kabla haujapanga foleni.

Vaileth anasema mzee alisoma skrini, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. Ujumbe wa Lomayani ulipokelewa mnarani saa mbili na dakika kumi na mbili asubuhi. Wa pili saa mbili na nusu. Wa tatu saa tatu na dakika tano. Mbele ya kila mmoja mtandao ulikuwa umeandika sababu bila kuficha: mkubwa anazungumza, kifaa cha kibarua kisubiri. Mkutano wa Mikumi uliisha saa tano na dakika thelathini na nane. Dakika mbili baadaye zote tatu zikafunguliwa kwa pamoja.

Loo! Zaidi ya saa mbili za kuhamisha watu, zimekaa kwenye foleni kwa heshima. Nilisimuliwa na Vaileth siku hiyo hiyo. Nilitaka kumlaumu Mzee Donati, nikakumbuka makofi yetu, nikakumbuka muhtasari wangu, nikaacha.

Kanuni ile ilifutwa asubuhi hiyo hiyo. Vipimo vyote vya mto sasa vimeandikishwa kwa kazi vinayofanya, na mto ukipanda hakuna mkutano wa mtu yeyote unaotangulia. Wapo walioona inatosha, mambo yamerekebishwa, mzee apumzike kwa amani yake. Yeye akasema hapana, kuna mtu mwenye jina lake.

Jumapili iliyofuata tulikwenda Rudewa, yeye na mimi, kwa bodaboda mbili. Lomayani alikuwa anatoa ndama zizini. Alipotuona alisimama, akaosha mikono, akaja. Ni mtu wa miaka arobaini na kitu, na pamoja na yote tuliyomtendea aliinamisha kichwa kidogo akamwamkia mzee shikamoo. Mzee Donati hakuitikia. Miaka yote niliyomfahamu sijapata kumwona mkubwa akiamkiwa akakaa kimya, tena mzee huyu, ambaye hata watoto wa shule wakipita dirishani anawaitikia mmoja mmoja. Nilitaka ardhi inimeze.

“Usiniamkie kwanza,” alisema. “Wewe ulituma, na mimi ndiye niliyekuzuia.”

Kisha akaeleza yote, akiwa amesimama juani, bila kupunguza. Alieleza kanuni, alieleza fomu, akatoa karatasi ya kumbukumbu za mnara. Mimi nikasema la muhtasari wangu. Lomayani hakutukana wala hakukaribisha. Aliuliza tu ujumbe wake wa kwanza ulifika mnarani saa ngapi. Akaambiwa. Akageuka akamwita mkewe, Namayiana, aliyekuwa mlangoni pa nyumba na kibuyu cha maziwa.

“Rudia hiyo saa,” alimwambia mzee. “Huyu naye asikie.”

Mzee Donati akarudia. Namayiana akaweka kibuyu chini, akamtazama mumewe, akajifunika uso kwa shuka yake. Hapo ndipo nilipojua kwamba kwa miaka sita hata ndani ya nyumba yake yule mtu hakuaminiwa. Niliondoka pale naona aibu ambayo siijui jina. Sikumbuki tulivyofika mjini.

Uongozi ulikaa na rasimu hii siku mbili ukairudisha bila kufuta neno, na kwa hilo naushukuru. Muhtasari wa kikao kile umesahihishwa na kubandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kijiji Tindiga, ili waliosema wasome. Lomayani ameandikiwa barua ya kurudishwa kazini, kwa ajira ya kudumu. Hajaijibu, wala hatumharakishi. Ameleta habari moja tu kwa simu ya Vaileth, kwamba Ijumaa atakuja, yeye na mkewe.

Mzee Donati, umetusimamishia minara minne, umetufundishia vijana tisa, na umetuvumilia sote, Yassin akiwemo. Shamba lako la milimani linakungoja, na mama Costancia amesema kompyuta haitavuka kizingiti. Tunakushukuru kwa yote, na kwa hili la mwisho tunakushukuru huku tukitetemeka. Uishi siku nyingi zenye afya, usingizi na mavuno.

Nimepanga viti. Lomayani atakaa safu ya mbele, karibu na mlango utakaoingilia, kwa hiyo utampita yeye kwanza. Akikuamkia, mzee wetu, safari hii itikia.