Mama Futi na Bafu la Mama Yangu

30 Juni
Kwa Mama Futi, mkaguzi wetu wa mabafu

Leo Mama Futi anastaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja katika shirika letu la nyumba za wazee. Jina hilo tulimpa sisi, kwa ajili ya futi ya kupimia aliyoitundika shingoni kama mkufu.

Alianza kama karani wa funguo. Siku moja mpangaji aliteleza bafuni, fundi akasema bafu halina kosa, limejengwa kwa vipimo. Karani akamjibu kwamba basi vipimo ndivyo vilivyoteleza. Wiki iliyofuata alihamishiwa ukaguzi. Ofisi iliita hatua hiyo kupandishwa cheo. Yeye aliiita kunyamazishwa.

Kabla mzee yeyote hajahamia, Mama Futi alimkalisha chooni na nguo zake zote, akamwambia afumbe macho kana kwamba sabuni imemwingia, kisha anyanyuke. Pale mkono ulipokwenda kutafuta msaada, alichora alama ya chaki, na hapo ndipo kishikio kilipofungwa. Mkurugenzi alipotutembelea naye alikalishwa. Choo kilikuwa kifupi, akakwama, tukamnyanyua watu wawili. Tangu hapo maombi ya vyoo virefu hayakukaa mezani kwake hata siku mbili.

Mimi nilikuwa msaidizi wake kwa miaka tisa, na nilijiona mtaalamu. Mama yangu alipokubali kuhamia kwenye fleti zetu alitoa sharti moja: siku mwanawe wa kiume atakapomwogesha, yeye atarudi nyumbani kwake hata kwa kutambaa. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, yuko mikononi mwa wataalamu. Nikajaza fomu mezani kwangu, nikaagiza kishikio upande wa kulia, usawa wa kiwiko changu.

Mimi ni mrefu. Mama alinifikia kifuani. Tena mkono wake wa kulia ulikuwa umelegea tangu apate kiharusi, na mimi ndiye niliyekuwa nikimfunga vifungo vya gauni kila asubuhi. Kishikio changu kilifaa kuanikia taulo tu.

Mama Futi alipokuja kutia saini hakunigombeza. Alimkalisha mama, akamwambia afumbe macho. Mkono wa kushoto ukaenda chini, ukapapasa vigae vitupu. Akachora chaki, kisha akamuuliza mama, nami nikiwa nimesimama pale pale, kama kijana huyu ana shida ya macho. Mama akajibu kwamba alizaliwa hivyo, shule ndiyo ilimzidishia. Walicheka mpaka mama akakishika kishikio changu, kwa mara ya kwanza na ya mwisho.

Siku ya tatu kilihamishwa. Mama alikataa matundu ya zamani kuzibwa. Wageni aliwaonyesha na kuwaambia kuwa hiyo ni kazi ya mtaalamu.

Alioga peke yake, mlango ameufunga, kwa mwaka mmoja na miezi minne. Mimi nilikaa sebuleni nikisikiliza maji. Alifariki mwezi Machi. Asubuhi ya siku ile alikuwa ameoga mwenyewe.

Mama Futi, ahsante. Wenzako wote tunakuombea afya, usingizi mzuri na siku zisizo na fomu. Utukumbuke. Na mama yangu naye, tafadhali, umkumbuke.