Kijiko cha Ziada cha Mama Mizani

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia nasimama mimi, mwanawe wa kwanza, kuwasomea maisha ya mama yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Mizani.

Mama alizaliwa tarehe 14 Machi 1968, mtoto wa tano wa fundi cherehani, akaanza shule ya msingi mwaka 1976, akamaliza sekondari mwaka 1986, na mwaka 1991 akahitimu chuo cha uuguzi. Tarehe 3 Februari 1992 aliajiriwa kliniki ya watoto, chumba cha kupimia uzito, na hapo alikaa miaka thelathini na moja, akiwaning'iniza watoto kwenye mizani ya ndoano, akitia nukta ya uzito kwenye kadi ya ukuaji, akiwatania wazazi wa watoto wanene kwamba huyu alipiwe nauli ya watu wawili.

Alifunga ndoa na baba yetu, seremala, tarehe 9 Desemba 1995, wakajaliwa watoto wawili. Mimi nilizaliwa tarehe 3 Agosti 1998, kabla ya miezi kutimia, nikiwa na kilo moja na gramu mia tisa, nukta yangu ikaangukia chini kabisa ya kadi, na mama, aliyeona kila siku watoto wa wenzake wakipanda, hakuvumilia. Maziwa yake yalikuwa machache, akaanza chupa, na katika kila chupa akazidisha kijiko kimoja cha maziwa ya unga, na nilipofikisha miezi miwili akachanganya na uji, jambo alilowakataza kinamama kila asubuhi. Mstari wangu ukapanda, naye akalala usingizi.

Nilipofika miaka kumi na mitano nilikuwa na kilo tisini na sita. Shuleni waliniita Tangi, na nyumbani shangazi zangu walimwambia mama, mbele ya wageni, kwamba matunda ya chupa ndiyo haya, na tangu siku hiyo mama hakumtania tena mtoto mnene. Shangazi zangu mko hapa, wala sisemi ili kuwaumbua. Nasema kwa sababu mdogo wangu, aliyezaliwa tarehe 20 Mei 2002, alinyonya miaka miwili kamili, chupa hakuijua, na alipobalehe akanenepa vilevile, kama baba, kama bibi, kama ninyi wenyewe.

Daktari alimweleza mama kwamba mtoto aliyezaliwa mdogo, akiongezwa uzito haraka mno, huweza kunenepa ujanani, kwamba damu ya ukoo nayo ina sehemu yake, huenda kubwa zaidi, na kwamba kwa mtoto mmoja hakuna mizani ya kuzitenganisha. Mama alisikia sehemu ya kwanza tu.

Juni 2023 alianza kuugua saratani ya tumbo, akapungua hadi kilo thelathini na nane, nami nikawa nambeba kila asubuhi kutoka kitandani hadi bafuni, peke yangu, bila kupumzika njiani. Siku moja, akiwa mikononi mwangu, alisema, "Mwanangu, kile kijiko kimekutesa." Nikamwambia, "Tulia Mama, nisije nikakuangusha." Nilidhani nitamjibu vizuri kesho yake. Alifariki tarehe 2 Septemba 2024, saa nne asubuhi, kabla sijamjibu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotupikia, na wenzake wa kliniki, ambao leo wamefunga chumba cha mizani ili waje hapa.

Mama, jibu lako ni hili. Uliona mtoto anakuponyoka, ukamlisha. Mikono iliyokubeba ilitoka kwenye kijiko kile na kwenye ukoo ule, na haikukuangusha. Teremka sasa kutoka kwenye mizani, Mama, pumzika kwa amani.